Hodi ya Gélase

Siku sita za wiki Atumani alishona mashati. Siku ya saba aliozesha watu, akawatalikisha, akawafilisi, na mmoja alimzika mara mbili kwa sababu alisahau kwamba alikwisha kumzika. Hao walikuwa watu wa mchezo wake wa redio, Nyumba ya Bati, uliorushwa kila Jumamosi alasiri na redio moja ya mjini Bujumbura mwaka ule wa tisini na nane. Mtaa mzima wa Buyenzi uliusikiliza kwa kuwa mwandishi alikuwa mtoto wa mtaa.

Kwa kuwa ulikuwa mzuri? Hapana, tusidanganyane. Mwenye duka, mkwe wake, mlevi na imamu, wote walizungumza namna moja. Walianza na "kusema kweli" wakamaliza na methali, kama Atumani mwenyewe anavyozungumza akiwa na pini mdomoni. Hata mtoto aliyezaliwa katika mchezo wa nane alilia kama mtu mwenye hoja.

Madamu Christa, mwalimu wa Mutanga Sud aliyekuwa akiusimamia mchezo, alivumilia miezi mitano. Siku moja akaja barazani pa Atumani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akavua miwani.

"Atumani, mi nikifunga macho, siwezi kujua ni nani anasema. Watu yako yote ni we. Kila mutu iko na kitu yake, kitu anafanyaka bila kujua kama anafanya. Utafute hiyo. Sinon, kama hapana, wakubwa wa redio watakata mchezo."

Maneno hayo yalimchoma. Kwa fundi wa mashati ni sawa na kuambiwa umeshona shati moja ukalivika mji mzima. Alijibu kwamba kusema kweli ameelewa, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, kisha akajisikia akisema hivyo, akanyamaza.

Usiku huo huo alimpa mwenye duka tabia. Aliandika: "Mwenye duka anajikuna sikio." Jumamosi Xavier, mwigizaji mwaminifu kupita kiasi, akajikuna sikio mbele ya maikrofoni kama alivyoagizwa, polepole na kwa hisia, muda mrefu. Mjini walidhani umeme umekatika. Mzee mmoja wa avenyu ya pili alizima redio yake akaenda kuswali.

Sawa, akasema Atumani, redio haina macho. Wiki iliyofuata akatia mambo ya kusikika. Mwenye duka akakohoa, mkewe akapiga chafya, mkwe akawa na kwikwi, mlevi akabeua, imamu akasafisha koo kabla ya kila aya na baada yake. Zubeda, mke wa Atumani, alisikiliza hadi mwisho mkono shavuni.

"Baba Anouar," akasema, "hii ni nyumba ama ni dispanseri?"

"Ni tabia za watu, Mama Anouar."

"Kikohozi si tabia. Mutu anakohoa juu ya baridi. Watu yako wanataka dawa."

Atumani hakulala vizuri siku tatu. Alianza kuwatazama wateja mpaka wakaogopa. Alimpima bwana mmoja wa Kinanira kifua mara nne huku akimkodolea macho, na bwana yule hakurudi hata kuchukua shati. Na jibu, kumbe, lilikuwa umbali wa kigoda kimoja kutoka kwake, likitia pindo kwenye suruali.

Jibu hilo ni Gélase. Alikuja Buyenzi miaka mitatu nyuma, katika mwaka ule wa vita ambao mtaa wa Cibitoke uliungua, akiwa amemshika mama yake mkono na kujitwisha cherehani kichwani. Atumani hakumuuliza mengi. Alisogeza meza yake, akampa nusu ya baraza. Tangu hapo Atumani alishona mashati na Gélase suruali, na watani wa mtaa wakawa wanasema kwamba kutoka kiunoni kwenda juu mteja ni wa Waislamu, na kushuka chini ni wa Wakatoliki.

Na Gélase alikuwa na jambo lake. Hakuingia mahali popote bila kugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole na kusema: "Hodi. Ni Gélase. Gélase peke yake." Baraza haikuwa na mlango, kwa hiyo aligonga nguzo. Aligonga dukani, kwa kinyozi, chooni ambamo hamkuwa na mtu. Wenzake wa kanisani walisema aligonga hata kibanda cha maungamo, na padri akamjibu kwamba na yeye yuko peke yake, aingie tu.

Atumani alikuwa ameisikia hodi hiyo miaka mitatu, mpaka akawa haisikii tena. Asubuhi moja Gélase alirudi kutoka bombani, akagonga nguzo, na sindano ya Atumani ikasimama katikati ya kola.

Jumamosi iliyofuata Nyumba ya Bati ikapata mpangaji mpya aitwaye Callixte. Hakukohoa wala hakujikuna. Aligonga mara mbili, na Xavier, aliyepewa kumwigiza huyo naye, akasema kwa sauti nyembamba yenye adabu: "Hodi. Ni Callixte. Callixte peke yake."

Je, Atumani aliomba ruhusa? Hakuomba. Angeulizwa angesema tabia ya mtu haina hati, inapita barabarani kila mtu anaiona. Je, alimuuliza Gélase kwa nini anasema vile? Hilo nalo hakuliuliza, na ndilo ninalomlaumu mpaka leo, kwa sababu fundi hakati kitambaa kabla ya kujua ni cha nani.

Mji ulimpenda Callixte kwa wiki moja tu ya kumjua. Wanawake wa sokoni waligonga ndoo mara mbili kabla ya kuuliza bei. Askari wa kizuizi cha barabarani walimuuliza dereva kama yeye ni Callixte au amebeba watu. Madamu Christa alituma ujumbe wa neno moja la Kifaransa, "Enfin!", yaani hatimaye, na Atumani akaubandika ukutani juu ya kalenda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: katika mchezo wa pili Callixte alipiga hodi mara saba, na katika wa tatu mara kumi na tatu.

Gélase mwenyewe alisikia mchezo wa kwanza pale pale barazani, redio ikiwa juu ya rafu ya nyuzi. Wateja wote waligeuka wakamtazama. Alicheka na yeye, akiwa amechelewa kidogo.

"Ni mi huyo," akasema.

"Ni we," Atumani akakiri.

"Umenichukua vizuri, ndugu yangu." Akarudi kwenye pindo lake.

Wiki ya pili alianza kuingia barazani bila kugonga. Alikuja kimya, akakaa, akavuta kitambaa. Atumani aliliona, na ni aibu kulisema, lakini alikasirika, kwa kuwa alikuwa bado anahitaji kuisikia vizuri ili amrekebishe Xavier.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jumanne ya wiki ya tatu Gélase aliondoka saa kumi na moja kama kawaida yake, akiwa na mkate na chupa ya maziwa kwa ajili ya mama yake. Baada ya nusu saa alikuwa amerudi na mkate na maziwa yale yale. Alisimama karibu na nguzo. Akainua kidole agonge, akakishusha.

"Atumani," akasema, "mama amekataa kufungua."

"Anaumwa?"

"Apana. Hajui kama ni mi."

Atumani akaweka mkasi chini. Gélase akakaa kwenye kigoda cha wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akaeleza huku akiutazama mkate.

"Mama haoni, unajua. Kule Cibitoke watu walikuwa wanakuja kikundi. Wanamusukuma mutu mbele, jirani yako kabisa. Anapiga hodi, unasikia ni sauti ya jirani, unafungua. Nyuma yake iko kumi. Mama akaniambia: Gélase, ukirudi, sema jina yako, na sema kama uko peke yako. Kama wamekushika, kama iko watu nyuma yako, usiseme 'peke yake'. Mi nitajua, sitafungua, nitatokea kwa nyuma. Nikazoea. Sasa ninasemaka kila mahali, hata mahali haina maana."

"Na leo?"

"Leo watoto wa avenyu wamepiga hodi mara tisa. Wote ni Gélase. Wote peke yake. Nimepiga yangu, akaniambia niende zangu. Akaniambia yule wa saa nane alikuwa anamuiga mutoto wake muzuri kuliko mi."

Kicheko kilimpanda Atumani mpaka kooni, na pale pale kikageuka. Maskini, hajawahi kuona aibu kama ile. Alichokirusha hewani kwa kucheza kilikuwa ufunguo wa nyumba ya watu, na sasa kila mtu mjini alikuwa na nakala.

Zubeda, aliyekuwa akisikia yote kutoka ndani, akatoka na kitambaa cha sahani mkononi. "Gélase, lala kwetu. Asubuhi ataona... atasikia akili."

"Na mama? Hajakula tangu asubuhi. Jua ikizama anaweka gogo kwa mlango mpaka kesho. Atakaa usiku muzima na hodi za watu, akifikiri mi nimekufa?"

Kuvrefe, saa ya marufuku ya kutembea usiku, ilikuwa inakaribia, na jua lilikuwa limeanza kuegemea milima ya Kongo. Atumani akavaa viatu.

Chumba cha Gélase kilikuwa mwisho wa kichochoro, mlango wa mbao uliovikwa bati. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa. Buyenzi hakuna msiba wala muujiza unaopita bila mashahidi. Atumani akasimama mbele ya mlango.

"Mama Adélaïde, ni mi Atumani. Wa mashati."

"Wa redio," ikajibu sauti kutoka ndani.

"Ndiyo, Mama. Wa redio. Mutoto wako iko hapa na mi."

"We unajua kutengeneza watu, nimesikia. Umenitengenezea ma-Gélase tisa kwa siku moja. Huyu wa kumi nitamujua namna gani?"

Gélase akataja jina la ng'ombe waliyekuwa naye zamani kijijini. Mama akasema jambo hilo hata Atumani analijua, lazima wamelisimulia kazini. Gélase akaimba wimbo wa kanisani. "Gélase wangu anaimba mubaya kuliko hiyo," akasema mama. Gélase akakohoa. "Hiyo ni ya redio." Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akaja mbele kumwonyesha Gélase jinsi ya kuisema vizuri: akagonga mara mbili na kutoa hodi yote.

"Huyo," akasema mama, "anafanana kidogo."

Majirani wakacheka. Mwingine akapendekeza waitwe padri na imamu pamoja, mwingine wavunje dirisha. Atumani hakucheka. Alisikia ndani kitu kizito kikiburutwa sakafuni, akajua ni gogo.

Akafumba macho, kama Madamu Christa. Miezi yote ile alikuwa ametafuta kinachochekesha kwa mtu, kinachosikika mpaka mwisho wa avenyu. Sasa akajiuliza kingine: huyu mtu anafanya nini wakati hakuna anayemtazama? Akamwona Gélase kwenye kigoda chake, miaka mitatu, suruali baada ya suruali. Na akakiona. Kilikuwa kitu kidogo, alichokifanya kila alipomaliza suruali, kabla ya kuikunja. Hakikuwa na maana yoyote. Kisingemfanya mtu yeyote asimame barabarani.

"Ondokeni," akawaambia majirani.

"Twende wapi? Kichochoro ni cha wote!"

"Mpaka kwa bomba! Wote! Na mikono kwa masikio!"

Waliondoka wakinung'unika. Atumani akamnong'oneza Gélase sikioni. Gélase akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mi? Apana. Mi sifanyake vile."

"Kila suruali."

"Sijawahi!"

"Miaka tatu, Gélase. Fanya."

Nyani haoni kundule, na Gélase hakuwa ameliona lake hata siku moja. Alisogeza uso kwenye ufa wa mlango, akafanya. Gogo likasimama.

"Rudia," ikasema sauti ya mama.

Akarudia, vibaya, kwa sababu sasa alikuwa anafikiri. "Usifikiri," Atumani akanong'ona. "Maliza suruali tu. Umemaliza, unataka kuikunja." Gélase akashusha mabega, akapumua, na mara ya tatu ikatoka yenyewe, ile ile ya kila siku.

Kisha sauti ya mama ikaja karibu kabisa na mlango, nayo haikuwa ya ukali tena.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Hakuna mutu, Mama. Atumani anasema ninafanyaka. Mi sikujua."

"Ni ya baba yako."

Baba yake Gélase walikuja kumchukua nyumbani katika mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, Gélase akiwa na miaka mitatu, na hakubakiwa na chochote chake, hata sura.

"Tangu siku hiyo sijaisikia," akasema mama. "Nilifikiri imekwenda naye."

Gogo likaburutwa upande wa pili. Mlango ukafunguka, na bibi kizee mdogo mwenye macho ya ukungu akanyoosha mikono yote miwili, akaushika uso wa mwanawe, akaupapasa paji, pua na kidevu, kama anayetafuta mtu mwingine ndani yake. Gélase alikuwa bado ameshika maziwa, hajui ayaweke wapi. Atumani alilia, tena alilia kwa sauti, na pale bombani majirani waliokuwa na mikono masikioni wakaitoa wasikie vizuri.

Alipokwisha kumshika mwanawe, Mama Adélaïde akaugeuza uso kwenye sauti ya kilio.

"We, wa redio. Hii ukiitia kule ndani, nitakuja kwako mi mwenyewe. Na sitapiga hodi."

Jumamosi iliyofuata Callixte alifunga mizigo akapanda meli kwenda Kigoma, akapata kazi huko, na hakuandika hata barua. Mji ulinuna. Watoto walipiga hodi wiki mbili zaidi, wakachoka. Madamu Christa alikuja barazani na akakaa kwenye kigoda, miwani mkononi.

"Umemufukuza mutu muzuri kuliko wote. Bon. Nipe mwingine. Uko na kitu ndogo tu, ya kweli, kama ile? Hata moja? Sinon, wanakata mwisho wa mwezi."

Atumani alikuwa nayo. Alikuwa nayo nzuri kuliko ile, nzuri kuliko yoyote atakayoipata maishani. Ingeutoa mji mzima machozi bila neno moja. Nyuma yake cherehani ya Gélase ilikuwa imesimama.

"Sina, Madamu," akasema. "Mkono wa shati yako tufanye murefu ama mufupi?"

Mchezo ukakatwa. Zubeda, ambaye hakuwahi kuusifu, alikasirika kuliko wote, akadai angalau aambiwe yeye hicho kitu ni kitu gani, maana mke ni mke. Atumani alimwambia kwamba hiyo ilikuwa kazi aliyomtungia msikilizaji mmoja tu, na msikilizaji huyo amekataza marudio. Mimi nami nimemuuliza, si mara moja. Amenipima kifua.

Nyumbani mama alifungua kila jioni bila kuomba arudie, na hilo latosha kujua. Lakini barazani Gélase aliendelea kuingia kimya karibu mwezi mzima, na Atumani alivumilia kimya hicho kama adhabu. Kisha asubuhi moja, Atumani akiwa ameinamia matundu ya vifungo, nguzo ikagongwa mara mbili.

"Hodi. Ni Gélase."

Atumani akangoja, na "peke yake" haikuja. Alikuwa anajua sasa maana yake. Akaruka kutoka kwenye kigoda na mkasi mkononi, akachungulia nyuma ya Gélase, kushoto, kulia, mpaka barabarani. Hapakuwa na mtu, ila mbuzi wa jirani.

"Iko nani nyuma yako?"

Gélase akapita, akakaa mahali pake, akavuta suruali iliyobaki jana.

"Iko muzee wangu," akasema.

Atumani akarudisha mkasi mezani. Kisha akasogeza kigoda chake kidogo, kwa kuwa baraza ilikuwa nyembamba na sasa walikuwa watatu.